Udongo Wangu Ulikuwa Mtamu

Gihundwe, Ijumaa mchana

Nsimire mwanangu,

Salamu utazikuta mwishoni, kama ukifika huko bado utazitaka. Wamekupeleka Kamembe kusukwa nywele, na wasusi wa pale sokoni nawajua, hawatakurudisha kabla ya jioni. Nyumba ni tupu. Mdogo wako Bahati amekaa mlangoni anachambua maharage. Anatupa mazuri, anabakiza mawe, nami nimemwacha afanye anavyotaka. Niliambiwa nibaki nikufungie sanduku. Sanduku limefungwa tangu saa tano. Sasa nimechukua daftari lako la zamani la hesabu, ambalo lina kurasa nyingi nyeupe kwa sababu uliacha shule kabla hujalimaliza. Hilo la shule nitalifikia.

Sitakufundisha kukaa na mume. Shangazi zako watakufundisha kesho asubuhi wote kwa pamoja, kila mmoja na lake, na wawili kati yao waliachwa. Chumvi unajua kuitia. Mama mkwe utamzoea au hutamzoea, hiyo ni kazi yenu nyinyi wawili. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba hukumharibu mdogo wako. La pili ni kwamba una mimba, na najua unakula nini. Kabla hujaendelea kusoma, kama kuna kitu mdomoni mwako, kiteme.

Umetema? Basi kaa chini.

Ulizaliwa Bukavu lakini akili yako ilifungukia huku Kamembe, kwa hiyo ule uwanja wa magari unaukumbuka. Magari mabovu yaliletwa pale yakivutwa, yakauzwa vipandevipande: taa huku, injini kule, milango imeegemezwa ukutani ikingoja gari jingine. Baba yako alikuwa mtu wa batri. Batri iliyokufa aliipasua kwa shoka, akamwaga yale maji yake makali pembeni, kwenye ukingo wa juu wa kilima kilichokuwa nyuma ya kibanda chake, akatoa vyuma vya ndani na kuviyeyusha kwenye sufuria kuukuu. Kilichoyeyuka aliwauzia wavuvi wa ziwani wakafunga kwenye nyavu zao ili zizame. Watu walimwita Papa Batri na yeye alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Mimi walinijua kwa udongo. Beseni langu unalikumbuka, na vile vifuko nilivyokufundisha kufunga mafundo mawili ili vumbi lisitoke. Wanawake wenye mimba walikuja kwangu wakijifanya wananunua nyanya kwa jirani. Mwanzoni udongo wenyewe niliupokea kwa wanawake wa Nkungu, walioushusha kichwani kutoka kwenye mashamba yao. Halafu msimu mmoja mvua ilikata njia, wanawake wa Nkungu wakaacha kuja, na wateja wangu hawakuacha. Mwanamke aliyeshikwa na hamu ya udongo huwezi kumwambia arudi wiki ijayo.

Nyuma ya kibanda cha baba yako kilima kilikuwa kimechongwa ili uwanja uwe sawa. Pakabaki ukuta wa udongo unaompita mtu urefu, mwekundu juu, wa rangi ya jivu chini. Nilichukua jembe, nikamega donge, nikaonja. Lilikuwa tamu. Si tamu ya sukari, ni tamu inayokuja nyuma ya ulimi na kubaki hapo. Nikaanika madonge juu ya boneti ya gari lililokufa, nikayakausha kwa mkaa, nikarudi sokoni. Maman Sifa, jirani yetu, ndiye aliyeonja wa kwanza. Aliniambia, “Mama Nsimire, udongo yako iko mutamu kushinda ya Nkungu. Usirudilie tena ile ya zamani.”

Sikurudilia. Baba yako alicheka, akasema nitamaliza kilima kizima. Alinichimbia hata yeye mwenyewe siku ambazo mgongo uliniuma, palepale chini ya mahali alipokuwa anamwaga. Nilijivuna, Nsimire. Nilikuwa na kitu changu ambacho hakikutoka mfukoni mwake. Wanawake wa Bukavu walivuka daraja la mpakani wakiuliza yule Maman wa udongo mtamu anakaa wapi, na mimi sikumwambia hata mmoja ninapochimba. Niliogopa wataniibia mahali pangu.

Nilipopata mimba ya Bahati nilikula kuliko mteja yeyote. Nilikula nikipika. Nilikula nikiwa nimekulaza wewe pajani, na wewe ulikuwa unalamba vidole vyangu kwa sababu uliona ninafurahia. Miezi ileile Maman Sifa alipoteza mimba yake, ikiwa na miezi mitano. Alikuja kwangu kabla hata hajapata nguvu za kusimama vizuri, akasema hakuna kinachomtuliza isipokuwa ule udongo. Nikamwongezea kifuko kimoja bure. Mwaka uliofuata akapoteza nyingine, na nikamwongezea tena.

Bahati alizaliwa mdogo, mkimya, na nikasema ni mtoto wa adabu.

Sasa ile siku ya kuanguka. Umeibeba miaka kumi na mitano, naijua kwa sababu nimekutazama ukiibeba. Ulikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyetuma watu wakuambie uniletee mtoto sokoni anyonye, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwenye ule mteremko wa kushukia sokoni uliteleza, kitenge kikafunguka, Bahati akadondokea paji la uso. Ulifika kwangu unalia kuliko yeye. Goti lako lilikuwa limechanika na hakuna mtu aliyeliangalia. Nilivua kandambili nikakupiga nayo mbele ya soko zima, na nilipochoka mkono wa kulia nikahamia wa kushoto.

Ule uvimbe uliisha baada ya siku mbili. Mtoto akaendelea kuwa alivyokuwa. Soma tena hapo: alivyokuwa. Alikuwa amevuka mwaka na alikuwa hajaweza kukaa bila kuegemezwa. Hakuwa ameita mtu. Ukimtingishia funguo alikuwa anaangalia upande mwingine. Wewe ulikuwa mdogo, hukuwa unahesabu miezi. Mimi nilikuwa nahesabu kila Jumapili kanisani, nikilinganisha na watoto wa wenzangu, na nilikuwa nimeshaogopa muda mrefu kabla hujateleza. Kwa hiyo ulipoteleza, Mungu anisamehe, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Watu walipoanza kuuliza mbona huyu hasemi, nilikuwa na jibu. Nilisema dada yake alimuangusha. Ulikuwa mtoto mzuri wa kulaumiwa, hukubisha hata kidogo.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu walipokuja watu wa afya. Walichota udongo wa ule uwanja kwa vijiko, wakautia kwenye mifuko midogo na kuandika juu yake. Tukawacheka, tukasema wazungu wameishiwa hata udongo. Halafu wakatoa damu kwa watoto wanaokaa karibu na pale, Bahati naye wakamtoa. Baada ya muda wakatuita wazazi tukae kwenye mabenchi. Muuguzi, msichana tu, alisoma karatasi yake akaniambia mbele ya wote, “Maman, mutoto wako iko na risasi mingi mu damu.”

Wewe umekulia hapahapa, unajua risasi kwetu ni nini. Ni ile inayotoka kwenye bunduki. Tumeisikia upande huu wa daraja na upande ule. Nilimuuliza, “Balimupiga wapi?” Na nikaanza kumvua Bahati gauni nitafute kidonda, nikamgeuza mgongo, nikamwinua mikono. Benchi zima likaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoona wanacheka. Muuguzi alingoja tunyamaze, akaeleza kwamba si ile ya bunduki, ni chuma kizito kinachotoka kwenye batri, kwa Kifaransa plomb, nayo kwa Kiswahili jina lake ni hilohilo risasi. Nikageuka kumtazama baba yako. Yeye alikuwa ameacha kucheka kabla ya wengine. Miaka yote aliita kile anachoyeyusha plomb, hakuwahi kukiita risasi.

Yule msichana alisema kinaingia kwa vumbi, kwa mikono, kwa mdomo. Akasema kinamfuata mtoto hadi tumboni mwa mama yake, kinamharibu akili kabla hajazaliwa, na kilichoharibika hakirudi. Akauliza kama kuna mama hapa anayekula udongo, au anayemjua anayeuuza. Akaongeza kwamba wengine huuona ni mtamu.

Kula udongo ni kitu ambacho mwanamke hufanya amejificha, hata mume wake hamwambii. Maman Sifa alikuwa amekaa kando yangu, paja lake limegusana na langu, anatazama viganja vyake. Niliona wote wanangoja mmoja aseme. Basi nikasema mimi, kwa sauti nzuri, “Hapana, hapa hatukulaka udongo.” Muuguzi akaandika. Maman Sifa hakuwahi kunilaumu. Kesho atakuwa mbele ya wanaokuimbia, na sauti yake unaijua.

Tuliporudi nyumbani ulikuwa umesimama mlangoni, Bahati mgongoni, miguu yake imeshakuwa mirefu inakufika magotini. Uliniuliza, “Banasema nini, Maman?” Nilikuwa na njia nzima ya kufikiri kutoka kule hadi nyumbani, kwa hiyo usinipe huruma ya kusema nilishtukizwa. Nilikujibu, “Banasema ni kichwa. Ni kule kuanguka.” Baba yako alikuwa nyuma yangu. Alivua kofia, akaitundika, akaenda uani.

Wakati huo ulikuwa na nafasi yako ya shule ya bweni na godoro tulikuwa tumeshalinunua. Wiki ileile ukasema huendi, utabaki na Bahati. Nikakukumbatia. Niliwaambia majirani Mungu amenipa binti mwenye moyo. Lile godoro nalilalia mpaka leo.

Na bado sijasema baya zaidi. Nilikuwa nimebakiwa na magunia mawili ya udongo uliokwisha kukaushwa. Pale Kamembe nisingeweza kuuza tena, wanawake walikuwa wamesikia. Nikayavusha Bukavu, kwa watu wasionijua, nikauza mpaka vumbi la mwisho la chini ya gunia. Sikukosea, nilijua. Nilijiambia ni magunia mawili tu. Wale waliokula wana watoto sasa, kama walizaliwa, na wewe kesho unakwenda kuishi katikati yao. Ukimwona mmoja sokoni anachekea ukuta, usimuulize mama yake kama aliwahi kumuangusha.

Kwa nini baba yako hakusema? Alitaka. Jioni moja tukiwa tunakula aliniambia, “Umwambie mutoto.” Nikamjibu, “Umwambie weye. Na umwambie ni nani alikuwa anamwaga.” Akasema, “Na weye umwambie ni nani alikuwa anauza.” Ikaishia hapo. Tangu siku ile kila mmoja alimshika mwenzake koo, na tukaitwa ndoa yenye amani. Alipougua ule ugonjwa uliomuua, tumbo likimsokota na mikono haishiki tena kikombe, ni wewe uliyemnywesha uji na kumwosha. Uliniuliza mbona kila ukimgusa analia. Nikakuambia ni maumivu.

Nilidhani uongo ule nimeusema siku moja. Nimeusema kila asubuhi nilipokuona umepiga magoti unamfunga Bahati viatu, na yeye ana miaka kumi na sita. Wachumba wawili waliondoka kwa sababu ulisema huwezi kumwacha, nami nilikuwa jikoni nasikia. Sitakuambia nilinyamaza kwa upendo. Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa: nilikuwa na mtu wa kumlea mtoto niliyemharibu, na mtu huyo hakulalamika.

Mwezi uliopita ulikuwa unamwogesha Bahati uani, ukidhani niko kwa jirani. Nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia, nasonga bugali. Ulimwambia polepole, kama mtu anayemwambia mkubwa wake, “Niko naogopa, Bahati. Nitamuangusha na huyu.” Hapo ndipo nilipojua una mimba, na ndipo nilipojua nimekufanya nini. Ningeweza kutoka nje wakati uleule. Hatua zilikuwa tano. Nikaendelea kusonga mpaka bugali ukaungua. Na baadaye ukaniambia umeshakubaliana na Amani, mchumba wako, kwamba Bahati anakwenda nanyi, kwamba yeye ni mzigo wako mpaka kufa. Nikasema vizuri.

Huenda ningeendelea kusema vizuri mpaka unavuka daraja, kama isingekuwa kalenda. Nani hutundika kalenda usawa wa goti, Nsimire? Leo asubuhi nilikuwa nafagia chumba chenu nikaona ile ya picha ya maua imehamia nyuma ya mlango, chini kabisa. Niliinua. Ukuta umechimbwa, shimo limeingia upana wa sahani, na pembeni kuna alama za kijiko. Alama zile sihitaji kuelezwa. Wewe umerithi hamu yangu, na umejificha kama nilivyojificha, na kama ningekuwa mama wa kuzungumza naye ungeniuliza ni udongo gani mzuri.

Lakini hujui ukuta huo umekandikwa kwa udongo gani. Tulipojenga nyumba hii wewe ulikuwa bado mtoto mdogo. Baba yako alikuwa na rafiki mwenye gari la mizigo, na udongo wa bure ulikuwa palepale nyuma ya kibanda. Safari nne walileta, na mimi niliukanyaga kwa miguu yangu. Umekuwa ukila ule ukuta wa batri, mwanangu. Najua umeuona mtamu.

Sikiliza sasa, hapa tu ndipo nitakapokuagiza. Usile tena, wa huku wala wa huko, wa mwanamke yeyote hata akiapa ameutoa shambani kwake. Mimi pia niliapa. Nenda hospitali wiki hii. Mwambie Amani aje nawe, na mbele yake usione aibu. Waambie wakupime damu wewe na Bahati. Ukifika useme plomb, usiseme risasi, watakutafutia kidonda. Waambie umekula kwa muda gani, usipunguze hata siku moja. Sijui kama tumewahi. Ningesema tumewahi ungefurahi, lakini leo nimechoka kukufurahisha kwa maneno yangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka nikuombe uniachie Bahati. Nilikuwa na maneno mazuri, kwamba yeye si adhabu yako, ni yangu. Ni kweli, lakini chini yake kulikuwa na jingine, kwamba naogopa kubaki katika nyumba hii na kuta zake. Kwa hiyo siombi. Utakapokuwa unasoma, Bahati atakuwa hapo kando yako. Ukitaka kumrudisha, tuma neno kwa yeyote anayevuka, nitakuwa nimesimama darajani kabla hamjafika. Ukitaka kubaki naye, abaki kwa sababu ni mdogo wako anayekuita Sime na kukuchekea, si kwa sababu ya ule mteremko. Na mimi, ukiamua nisimwone mtoto wako, sitavuka. Sitatuma shangazi waje kukubembeleza.

Bahati ameingia sasa hivi kunionyesha bakuli. Mawe matupu, ameyaosha yanang'aa. Nimemwambia vizuri sana.

Asubuhi nilipokuwa napanga sanduku, chini ya kitenge cha buluu nilikuta kifuko ulichokificha cha kula njiani. Umekifunga mafundo mawili, kama nilivyokufundisha. Nimekimwaga chooni na barua hii nitaiweka palepale kilipokuwa, chini ya kitenge, kwa sababu huko ndiko najua hutakosa kupapasa. Salamu nilizokuahidi ni hizo. Mkono wako umetafuta udongo, umenikuta mimi.

Mama yako